Gari lililoongezwa nguvu limefeli kipimo cha moshi: soma karatasi kabla ya kushika spana

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya gesi ina namba nne, mara nyingi tano, na kila moja inaeleza jambo lililotokea ndani ya silinda. Wenye magari wengi husoma neno la mwisho tu, kwamba gari limefeli, kisha wanateremka mtaa wa Unga Limited, Arusha, kutafuta sensa ya oksijeni. Sensa inafungwa, gari linafeli tena. Zinafuata plagi, zinafuata koili, halafu fundi anaanza kusema, "Bosi, labda ni kontroo boksi," yaani kompyuta ya injini. Laki kadhaa zimeshaondoka na hakuna aliyeisoma ile karatasi.

Maelezo haya ni ya Subaru za injini ya EJ20, Mark II na Chaser za injini ya 1JZ, Altezza na jamii yake yote inayozunguka Arusha na Moshi ikiwa na bomba kubwa, nozeli kubwa au tabo (turbo, kisukuma hewa) iliyopandishwa presha. Dizeli nimeipa nafasi ndogo mwishoni, maana ile ni kesi nyingine.

Kikomo kinachokuhusu ni kile kilichochapwa kwenye karatasi yako. Hata hivyo magari haya yalizaliwa Japani, kwa hiyo inasaidia kujua kwao yanapimwaje. Ukaguzi wa Japani kwa gari dogo la petroli lililotengenezwa kwa kanuni za 1998 na baada ya hapo unaruhusu kaboni monoksaidi (CO) hadi 1% na haidrokaboni (HC) hadi 300 ppm (sehemu kwa milioni), injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ya zamani zaidi yanaruhusiwa 4.5% na 1,200 ppm. Uingereza inabana zaidi kwa gari lenye masega (kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi, katalitiki): CO isizidi 0.3% kwenye sailensi na 0.2% kwenye raundi 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, HC isizidi 200 ppm, na lamda (uwiano wa hewa na petroli, naieleza hapa chini) iwe kati ya 0.97 na 1.03. Ukitaka lengo moja la kutengenezea, chukua hilo la Uingereza. Gari likifika hapo halitakusumbua sehemu nyingine.

Namba zinavyosomwa

CO ni petroli iliyoungua nusu kwa sababu hewa haikutosha. HC ni petroli iliyopita bila kuungua. Oksijeni (O2) ni hewa iliyobaki bila kazi. Kaboni daioksaidi (CO2) hapa ni rafiki: ikiwa juu, uunguaji ni mzuri. Lamda inajumlisha yote; 1.00 ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, chini yake petroli imezidi, juu yake hewa imezidi.

Injini nzima yenye masega mazima yaliyopata moto hutoa CO chini ya 0.1%, HC chini ya 50 ppm, CO2 kama 15% na O2 karibu na sifuri. Injini hiyohiyo ukiipima kabla ya masega itaonyesha CO kama 0.5 hadi 0.8%, HC 100 hadi 250 ppm na CO2 kama 14%. Weka picha hizo mbili kichwani, kwa sababu swali la kwanza ni kama tatizo lako ni injini au ni masega.

CO ikiwa 3% au zaidi, O2 karibu sifuri na lamda chini ya 0.97, petroli imezidi. Usiguse plagi kwanza. HC ikiwa 600, 900 au zaidi huku O2 nayo iko juu na CO iko chini, kuna silinda inayomisi: petroli na hewa vimeingia pamoja na kutoka pamoja. CO ikiwa 0.6%, HC 150 na lamda 1.00 kamili, injini haina kosa. Masega hayafanyi kazi au hayapo. Lamda ina faida moja kubwa hapa: masega hayaibadilishi, kwa sababu hesabu yake inategemea jumla ya kilichoingia. Gari lenye lamda 1.00 na CO iliyopitiliza linaelekeza kidole kwenye masega moja kwa moja.

Kisha kuna karatasi ya uongo. Jumlisha CO na CO2. Ikiwa jumla haifiki 12 na O2 imepanda 4 au 5%, mashine imevuta hewa ya nje: bomba limetoboka, flenji inavuja, au kijiti cha mashine hakikuingia vya kutosha. Kinatakiwa kiingie kama sentimita 30. Bomba kubwa la inchi nne lenye mdomo mfupi uliokatwa mshazari huchanganya moshi na hewa ya nje kwenye sailensi hata kama kila kitu ni kizima. Tafuta kipande cha bomba cha kuongezea mdomo siku ya kipimo. Usitengeneze injini kwa karatasi ya namna hiyo, pima upya kwanza.

Themostati uliyoambiwa uitoe

Hili linakuja kabla ya mengine yote kwa sababu ni la bei ndogo na limeenea kuliko linavyostahili. Fundi anatoa themostati akisema nchi za joto haziihitaji. Asubuhi ya Julai Arusha, gari lisilo na themostati linaweza kutembea kutoka Sakina hadi Njiro bila kuvuka nyuzi 65. Kompyuta inaamini injini bado inapata moto, inaendelea kuongeza petroli ya kuamshia, na masega nayo hayafikii joto la kufanya kazi, ambalo huanzia nyuzi 250 hadi 300. CO inapanda, oili inachanganyika na petroli, na ulaji wa mafuta unaongezeka.

Angalia joto la maji kwenye skana baada ya mwendo wa dakika 20. Liwe 85 hadi 95. Likibaki 70, rudisha themostati. Toyota nyingi hutumia ya nyuzi 82. Kama gari lilikuwa linachemsha ndiyo maana ikatolewa, basi rejeta imeziba, feni haivuti, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuachia. Hilo la mwisho EJ zinalijua vizuri, na maji yanayoingia kwenye ekzosi yanaua sensa na masega kwa pamoja.

Uvujaji wa ekzosi na sensa inayodanganywa

Gari likishafungwa hedas (mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye silinda) au dauni paipu (bomba linalotoka kwenye tabo) mpya, tafuta uvujaji kabla ya kutafuta kosa lingine lolote. Mlango mdogo kati ya silinda na sensa ya oksijeni huvuta hewa kila mpigo wa moshi unapopita. Sensa inaona oksijeni, inaripoti kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Matokeo yake karatasi inaonyesha CO ya juu huku sensa ikidai petroli imepungua. Wengi hapo hulaumu sensa, nayo inasema ukweli wa kile inachokiona.

Uvujaji unatafutwa injini ikiwa ya baridi. Washa, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe sikiliza na upitishe mkono karibu na flenji, viungo na mishono ya welding. Maji ya sabuni yanaonyesha mapovu. Gasketi za karatasi zilizokatwa kwa mkono hazidumu kwenye tabo. Tumia za chuma za tabaka nyingi, na kaza nati tena baada ya gari kupata moto na kupoa mara mbili tatu. Silikoni ya tyubu ikae mbali na ekzosi na mbali na injini kwa ujumla, isipokuwa ile iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Mvuke wa silikoni ya kawaida huacha utando mweupe kwenye ncha ya sensa, na haufutiki.

Mahali pa sensa nalo lina hesabu yake. Kitako cha kuchomelea kina nyuzi za M18 x 1.5, na spana yake ni 22. Baadhi ya Toyota hutumia flenji ya nati mbili, kwa hiyo angalia kabla ya kumpa mchomeleaji kazi. Sensa isimame upande wa juu wa bomba, kati ya saa nne na saa nane ukisoma saa kwa Kiswahili, ili maji ya mvuke yasikae kwenye ncha. Hedas ndefu zinapoisogeza sensa mbali na injini, ya waya mmoja isiyo na hita hupoa kwenye sailensi na kulala usingizi. Badilisha kwa ya waya nne yenye hita.

Kuipima hakuhitaji skana. Multimita kwenye waya wa ishara, injini ya moto, raundi 2,500: volti zicheze kati ya 0.1 na 0.9, zikivuka katikati angalau mara nane kwa sekunde kumi. Chomoa mpira mmoja mdogo wa vakyumu, ishuke chini ya 0.2. Ikigoma kwenye 0.8 wakati wote, petroli imezidi kweli. Ikigoma kwenye 0.45, imelala au hita imekufa. Hii ni kwa sensa ya kawaida. Toyota za miaka ya 2000 kwenda mbele mara nyingi zina sensa ya uwiano wa hewa ambayo haichezi hivyo. Inatulia kwenye 3.3, na skana za kawaida huionyesha 0.66. Zinafanana kwa sura dukani, na ukifunga moja mahali pa nyingine gari halitapita milele.

Petroli inazidi kwa sababu uliiongeza

Nozeli za asili za 1JZ-GTE zina uwezo wa cc 380 kwa dakika. Ukifunga za cc 550 bila kubadilisha programu ya kompyuta, umeongeza petroli kwa asilimia 45 katika kila mpigo. Kompyuta ya kiwandani inaweza kujirekebisha kwa asilimia 20 hivi, zaidi ya hapo inakata tamaa na kuwasha taa. Hakuna sensa wala plagi itakayoponya hesabu hiyo.

Hata kwa kompyuta iliyoprogramiwa upya, kuna kosa moja linalojificha. Kila nozeli huchukua muda kidogo kufunguka baada ya kupata umeme, na muda huo hubadilika na volti ya betri. Kwenye sailensi nozeli kubwa inafunguliwa kwa milisekunde 2 hivi. Ukikosea muda wa kufunguka kwa 0.2 tu, umekosea petroli kwa asilimia 10. Kwenye raundi 3,000 ukiwa na mzigo, kosa hilohilo halionekani. Kwa hiyo karatasi ikionyesha gari limefeli sailensi na limepita raundi za juu, muulize aliyefanya programu kama aliingiza jedwali la nozeli hizo kwa volti mbalimbali, au alinakili namba za nozeli nyingine. Dalili ni nyepesi: washa taa kubwa, feni ya AC na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Volti ikishuka na lamda ikahama pamoja nayo, jedwali ni la kubahatisha.

Presha ya mafuta inafuata. Regyuleta ya kurekebisha ikipandishwa kutoka baa 3 hadi baa 4, petroli inaongezeka kama asilimia 15, maana ongezeko hufuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha uwiano wa presha. Wengine hupandisha "kwa usalama" na kusahau. Chomoa pia mpira wa vakyumu wa regyuleta; ukikuta petroli ndani, utando umepasuka na injini inakunywa kwa mlango wa nyuma. Usiutafutie gundi.

Subaru nyingi za tabo hupima hewa kwa ea flo (sensa ya kupima hewa inayoingia), kwa hiyo bomba la hewa lina maana kubwa. Sensa imepimwa kwa kipenyo fulani. Ukiihamisha kutoka bomba la milimita 70 kwenda la 76, eneo limeongezeka asilimia 18, na sensa itaripoti hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi. Hapo injini inakuwa kavu (petroli pungufu), inamisi, HC inapanda. Ea klina iliyopakwa oili kupita kiasi huchafua waya wa sensa na kuleta balaa la namna hiyohiyo. Vumbi la njia za Monduli na Longido likichanganyika na oili hiyo linaganda kama lami. Safisha waya kwa dawa yake ya kopo, kamwe usitumie mswaki. Na ile valvu ya kupiga "pshh" inayotoa hewa nje kwenye injini ya ea flo hutupa hewa iliyokwisha kuhesabiwa, kwa hiyo petroli yake inabaki bila mwenzi kila unapoachia mafuta. Kama haikazi vizuri kwenye sailensi, huo ni uvujaji wa kudumu. Irudishe kwenye mzunguko, au angalau siku ya kipimo.

1JZ-GTE haina ea flo, inahesabu kwa presha ya manifodi. Yenyewe haijali bomba la hewa, lakini kemshafti zenye mwingiliano mkubwa (valvu za kuingiza na kutoa zikiwa wazi pamoja) huharibu vakyumu na kuipotosha.

Magari ya petroli iliyozidi kwa muda mrefu yana deni jingine. Petroli imeshuka kwenye oili, na mvuke wake unarudi kwenye injini kupitia mpira wa kupumulia. Unaweza kuwa umetengeneza kila kitu na CO bado iko 1.5%. Jaribu: chomoa mpira huo, ziba upande wa manifodi, tazama mashine. CO ikianguka ghafla, badilisha oili na filta kabla ya kutafuta kingine. Kopo la kukamatia oili lililofungwa bila kuziba tundu la zamani huleta kinyume chake: hewa ya wizi, sailensi inayopanda na kushuka, na HC juu.

Ugomvi na aliyefanya programu

Hapa ndipo magari mengi yenye kompyuta za Haltech, Link na nyinginezo hukwama, na sababu yake ni uvivu zaidi ya ufundi. Mwandaaji ameweka lengo la 12.5 kwa 1, yaani lamda 0.85, kuanzia sailensi hadi mwisho wa raundi, kwa sababu injini inanguruma vizuri na haimrudii na malalamiko. Kwa lamda hiyo CO inakaribia 5%, na hakuna masega duniani yanayoweza kuisafisha, maana oksijeni ya kuunguzia haipo. Masega ya njia tatu hufanya kazi kwenye dirisha jembamba sana, takriban lamda 0.99 hadi 1.01.

Mwambie aweke lengo la 1.00 katika eneo lote la mzigo mdogo chini ya raundi 3,000 hadi 3,500, na awashe urekebishaji wa sensa katika eneo hilo. Eneo la presha ya tabo asiliguse. Pale petroli ya ziada inalinda pistoni. Hupotezi nguvu hata moja, kwa sababu hakuna anayeshindana akiwa kwenye sailensi. Akikuambia gari litazimika kwa 1.00, basi ama kuna hewa ya wizi, ama nozeli hazilingani, ama jedwali la volti halipo. Muulize ni lipi.

Kemshafti kali ni kesi ya haki zaidi. Valvu za kuingiza na kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, petroli mbichi inavuka moja kwa moja kwenda kwenye ekzosi. Karatasi itaonyesha HC na O2 juu, CO ya kawaida, na plagi utazikuta safi. Pandisha sailensi kutoka 850 hadi 1,000 au 1,050. Kama una puli za kurekebisha, punguza mwingiliano kwa nyuzi mbili tatu. Rudisha nyuma moto wa plagi kwenye sailensi, tuseme kutoka nyuzi 15 hadi 9: moshi unatoka na joto zaidi, HC inaendelea kuungua ndani ya manifodi na masega yanapata moto. Kwa kemshafti za mbio kabisa hata hayo hayatoshi, na ni vizuri kujua hilo kabla ya kuzinunua.

Kumisi kwa kawaida hakuna siri. Pengo la plagi kwa injini ya tabo liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi za baridi sana, kama NGK ya namba 9 kwenye gari la kupeleka watoto shule, hujaa masizi kwenye sailensi. Namba 7 inatosha magari mengi ya barabarani, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kompresheni ipime kabla ya kununua koili nne.

Mwinuko

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Moshi mita 800 na kitu. Presha ya hewa Arusha ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini yenye ea flo au sensa ya presha inajihesabia yenyewe. Isiyojihesabia ni ile yenye throto moja kwa kila silinda inayopangiwa petroli kwa pembe ya throto peke yake. Ikipangwa Dar bila urekebishaji wa presha ya anga, ikifika Arusha petroli imezidi kwa asilimia 15 au zaidi, na mwenye gari anaambiwa nozeli zimekufa. Washa sensa ya presha ya anga kwenye programu, kazi imekwisha.

Kabureta hazina pa kujihesabia. Kwenye mwinuko wa Arusha mchanganyiko unazidi petroli kama asilimia 7, Moshi kama asilimia 4. Jeti za Weber zimeandikwa kwa kipenyo cha sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo jeti kuu ya 130 iliyo sawa usawa wa bahari inashuka hadi 125 kwa Arusha na 127.5 kwa Moshi. Kisha skrubu ya sailensi irekebishwe na mashine ya gesi ikiwa kwenye bomba, kwa robo zamu, ukisubiri nusu dakika kila mara.

Jambo moja zaidi kwa wanaotumia geji ya vakyumu na video za mitandaoni: injini nzima usawa wa bahari husoma inchi 18 hadi 20. Arusha inchi 14 au 15 ni afya njema. Kuna watu wamefungua manifodi nzima wakitafuta uvujaji ambao ni mlima tu.

Masega

Kama yalitolewa na kuuzwa kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo, gari lenye kikomo cha 0.3% halitapita. Kibati cha kutenganisha sensa ya nyuma huzima msimbo wa P0420 (kosa la masega kwenye kompyuta), lakini mashine ya gesi haisomi misimbo. Masega ya mtumba kutoka Japani yakung'ute kwanza: yakilia ndani, sega limevunjika. Elekeza tochi, utazame mwanga upande wa pili. Vyumba vilivyoyeyuka vinang'aa kama kioo. Ya kisasa ya kufunguka zaidi, seli 200 kwa inchi ya mraba, yanaweza kupita kama lamda iko sahihi na yamepata moto. Ya seli 400 yana nafasi kubwa zaidi na hayali nguvu nyingi kama watu wanavyodhani. Yafungwe karibu na tabo iwezekanavyo. Angalia pia kama yameziba: geji kwenye tundu la sensa, raundi 2,500, isizidi baa 0.2. Kipimajoto cha kuelekeza kinachoonyesha upande wa kutokea una joto zaidi ni dalili nzuri, ila injini safi sana haitaonyesha tofauti kubwa, kwa hiyo usihukumu kwa hicho peke yake.

Usifunge masega mapya kabla ya kuponya injini. Inayomisi itayayeyusha, inayokula oili itayafunika.

Siku ya kurudia

Endesha kutoka mjini hadi Usa River na kurudi, gia ya chini kidogo kuliko kawaida ili raundi zikae 3,000. Kama kuna foleni, usiache gari likinguruma sailensi nusu saa. Zima, kisha zamu ikikaribia shikilia raundi 2,500 kwa dakika tatu. AC izimwe. Ea klina iwe safi. Dawa za chupa za kumwaga kwenye tanki ziache dukani, na petroli nunua kituo chenye mzunguko mkubwa: iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hupandisha HC, ndiyo sababu mojawapo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuhangaika na vinasaba (alama za kemikali zinazotiwa kwenye mafuta). Ujanja wa kuachia mpira wa vakyumu ili CO ishuke unafanya kazi kwa CO tu; lamda inaruka juu ya 1.03 na HC inaifuata.

Na dizeli: Land Cruiser za utalii za 1HZ zilizofungwa tabo hufeli kwa giza la moshi, ambalo Uingereza kwa dizeli za zamani huweka kikomo cha 2.5 kwa isiyo na tabo na 3.0 kwa yenye tabo (kipimo cha giza kwa kila mita, m⁻¹). Karibu kila mara skrubu ya kiasi cha dizeli kwenye pampu imefunguliwa ili gari lipande Ngorongoro na mizigo, na tabo haijaanza kusukuma hewa wakati mguu unapokanyagwa. Anza na ea klina, mipira ya tabo inayovuja na nozeli kwenye benchi. Kisha funga skrubu kwa moja ya nane ya zamu, kanyaga hadi mwisho, tazama, rudia. Alama ya mahali ilipokuwa ichore kwa msumari kabla ya kuigusa.